Chui Uani kwa Saleha

Kuku wa kwanza kupotea alikuwa tetea mwekundu, na Uweso wala hakumtafuta. Ilikuwa wiki ya pili tangu isomwe hitma ya arobaini ya mkewe. Wageni walikwisha tawanyika, majamvi yalikwisha rudishwa msikitini, na binti yake Mwanasiti alikuwa amepanda basi kurudi kwa mumewe, mtaa wa Nguvumali, kule Tanga mjini. Mtu aliyefiwa na mke wa ndoa ya miaka thelathini na mmoja hakai akamlilia kuku. Aliyaona manyoya chini ya mlimau, akayapita kama anayepita majani makavu, akaenda zake kukaa barazani.

Uweso alikuwa nyapara wa genge la reli. Miaka ishirini na minane alilala kwenye kambi za bati kando ya njia ya treni, leo Mkomazi, kesho Buiko, mwezi ujao Makanya, akisimamia watu wa kubadilisha mataruma na kujaza kokoto palipobomolewa na mvua. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi, mara nyingine kwa miezi miwili, akilala siku mbili au tatu, akila vizuri, akifuliwa nguo, halafu huyo anarudi stesheni na mfuko wake begani. Alistaafu mwanzoni mwa mwaka hamsini na tano akiwa na nia moja tu, kukaa na mkewe. Walikaa miezi tisa. Vuli ilipoanza Saleha akashikwa na kifua, na kabla mvua hazijakatika akawa ameshazikwa.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Muheza, upande wa njia iendayo Amani, mahali ambapo michungwa inakwisha na vichaka vinaanza kupanda kuelekea mlimani. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya kijito: Bertha, mwanamke wa Kishambaa kutoka Mlalo, Mlutheri, na mumewe Methusela mlima mboga, na watoto na wajukuu ambao Uweso hajapata kuwajua majina yote. Kila jioni sauti zao zilimfikia wakiimba nyimbo za kanisani. Zikisha, kimya kilichokuwa upande wake kilizidi kuwa kizito.

Alijua kila daraja kati ya Mombo na Same, lakini hakujua chumvi inawekwa wapi nyumbani kwake mwenyewe. Alipika nje, kwenye mafiga, wali au ugali na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, akala akiwa amesimama, akatupa miiba na maganda nyuma ya jiko. Sufuria aliiacha palepale hadi kesho. Mapapai yaliiva yakaanguka. Fenesi kubwa lilidondoka karibu na kisima likapasuka, harufu yake tamu ikajaa ua mzima, naye akafunga dirisha la upande ule, basi. Kuku hawakuwa na mtu wa kuwaingiza bandani, wakajizoeza kulala juu ya mlimau. Mbuzi watatu wa Saleha aliwafunga kamba kwenye mti wowote ulio karibu. Na vichaka, ambavyo havikuambiwa kwamba pana msiba, viliendelea kusogea hadi vikagusa ukuta wa choo.

Wa kwanza kuja alikuwa ngawa. Uweso alimwona alfajiri moja alipotoka kutawadha, mnyama wa madoadoa mwenye mkia mrefu, anakula papai taratibu kama mtu aliyealikwa. Wakatazamana. Ngawa akamaliza papai lake, akaondoka bila haraka. Wiki hiyo matetea wawili wakaenda.

Halafu akaja fisi. Yeye alibeba sufuria. Uweso aliikuta asubuhi ng'ambo ya shamba, imetobolewa kwa meno, akasimama nayo mkononi akiitazama. Ilikuwa sufuria ya Saleha ya kupikia mchuzi. Aliirudisha ndani akaitundika msumarini na matundu yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, aliwasimulia watu nje ya msikiti. Mmoja akamwambia atafute mganga wa kuzindika nyumba, kwani mnyama anayechukua sufuria hakuja kwa akili zake, katumwa. Mwingine akamwambia atege sumu kwenye nyama. Mwingine akacheka, akasema labda fisi naye anataka kupika. Uweso akacheka pamoja nao, kisha akarudi nyumbani. Hakufanya lolote.

Ndipo akaja chui.

Uweso hakusikia kitu. Alilala usingizi ule wa mtu ambaye hana sababu ya kuamka, na asubuhi akakuta kamba imekatika na mburuzo mpana umepita kwenye vumbi hadi vichakani. Mbuzi aliyechukuliwa alikuwa yule jike mweupe mwenye masikio meusi, ambaye Saleha alimlea kwa maziwa ya chupa tangu mama yake alipokufa. Waliobaki, mama na kitoto chake, walikuwa wamejibana ukutani wanatetemeka, hawataki kula. Uweso alifuata mburuzo hatua ishirini. Akaona damu kwenye majani, na nyayo pana za duara, zisizo na alama ya kucha. Akarudi, akakaa kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia. Alilia kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kumsikia, kwa hiyo hakuona haya.

Siku hiyohiyo alikwenda mjini Muheza kutoa taarifa, na kesho yake akaletewa askari wa wanyamapori kutoka kwa Bwana Nyama, kijana wa makamo aitwaye Ernesti, Mkatoliki, ambaye baba yake alitoka Songea zamani kuja kukata mkonge. Alikuja kwa baiskeli na bunduki mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Mtego utauweka wapi?"

Ernesti aliegemeza baiskeli, akaanza kuzunguka ua. Alichuchumaa nyuma ya jiko, akaokota mwiba wa samaki, akautupa. Aliangalia fenesi lililooza. Alisimama chini ya mlimau akatazama mavi ya kuku. Alisukuma vichaka vya karibu na choo kwa mkono, na panya wawili wakachomoka miguuni mwake.

"Mzee," alisema hatimaye, "fenesi hili limeanguka lini?"

"Sikumbuki."

"Panya wanakula fenesi. Ngawa anakuja kwa mapapai, akiwapata na panya, vizuri zaidi. Fisi anafuata miiba na sufuria chafu. Chui anapita huko juu kila siku, mlima ule ni wake, alikuwa anapita tu. Sasa ananusa, anaona wenzake wanaingia na kutoka salama, naye anateremka kutazama. Anakuta mbuzi kafungwa kamba, hawezi hata kukimbia." Alijifuta mikono kwenye kaptula. "Naweza kumpiga risasi. Nitakaa hapa siku tatu, nne, nitampata. Lakini huko juu wako wengine. Mwezi ujao atakuja mwingine mahali pake, na mimi nitakuwa Maramba au Korogwe."

"Kwa hiyo unaniambia kosa ni langu."

"Nakuambia ua huu unawaita, mzee. Sikusudii kukukosea adabu."

Uweso alizoea yeye ndiye wa kukagua kazi za watu na kuwaonyesha kokoto zilipopungua.

Ernesti akakaa barazani, akapewa maji, akanywa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Na jambo lingine. Nilipofika nilisimama pale njiani kitambo, nikadhani nyumba hii haina watu. Nikataka kugeuza baiskeli. Mnyama naye hujifunza nyumba. Nyumba yenye watu wanaozungumza jioni, anaizunguka kwa mbali. Yenye kimya anaihesabu kuwa gofu. Safisha, fyeka, jenga zizi la kufunika juu. Lakini pia zungumza, mzee. Jioni, kabla giza halijashika, watu wasikike."

"Nizungumze na nani?"

Ernesti akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu wa kujibu maswali ya wanyama. Aliaga kwa heshima, akapanda baiskeli, akaahidi kupita tena baada ya wiki mbili.

Habari ilivuka kijito. Asubuhi iliyofuata Bertha akapiga hodi, mundu mkononi, kitambaa kimefungwa kiunoni, na nyuma yake mumewe Methusela amebeba panga na fito za kujengea.

"Pole na mbuzi, shemeji," alisema Bertha. Alimwita shemeji kwa sababu ya Saleha. Wanawake wale wawili walikuwa wameitana dada tangu ujana wao, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani. "Nilikuwa nikiutazama ua huu kutoka ng'ambo, roho inaniuma. Nikasema nisimwingilie mtu na msiba wake. Nilikosea. Ningekuja mapema."

Wakafanya kazi. Methusela alisimamisha nguzo za zizi, nene kama mkono, zikakaribiana hata ngumi isipite, akapiga paa la fito na kulikandika udongo. Uweso na Bertha walifyeka. Kazi ya kufyeka Uweso aliijua, kwani reli nayo hufyekwa, na mwili wake ulifurahi kuikumbuka. Walisukuma pori nyuma hatua arobaini, wakachoma takataka, wakachimba shimo la jalala, Bertha akamwonyesha jinsi ya kufunika kila tabaka kwa majivu. Mabaki ya fenesi wakayazika.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya," Bertha alisema, amepiga magoti kando ya shimo. "Majivu kila jioni. Kuku ndani baada ya alasiri, hata wakipiga kelele. Vyombo vinaoshwa jua lingalipo. Tunda likianguka haliuoni usiku. Na anafagia ua jioni."

Uweso aliinua kichwa. Hilo la kufagia alilikumbuka. Aliwahi kumkuta akifagia wakati wa magharibi, akamgombeza, akamwambia kufagia saa zile ni kufukuza baraka nyumbani. Saleha aliweka ufagio chini, akasubiri aingie kusali, akaendelea.

"Kwa nini jioni?" aliuliza.

"Ili asubuhi asome chini. Mchanga ukifagiwa, kila mguu unaandika. Alijua nani kapita, kapita wapi, kasimama wapi. Mwanamke amelala peke yake na mtoto mdogo, atajuaje mengine?"

Uweso aliendelea kufyeka. Alifyeka mpaka mahali palipokwisha fyekwa.

"Na alikuwa akizungumza nawe," Bertha aliendelea, hakumtazama. "Kila jioni. Sisi ng'ambo tulimsikia. 'Baba Mwanasiti! Panga umeliweka wapi? Baba Mwanasiti, njoo uone hili zizi, limelegea! Ndiyo, kesho utalitengeneza, sawa!' Kwa sauti kubwa kabisa. Mara ya kwanza nilidhani umerudi, nikamwambia Methusela shemeji kaja, kesho tukamwamkie. Tukaja, hupo. Akacheka sana. Akasema, 'Dada, chui hajui reli. Akisikia mwanamume anaitwa, anaamini yupo.'"

Methusela, kule juu ya paa la zizi, alicheka kidogo akikumbuka, kisha akainamia tena udongo wake alipoona hakuna mwingine anayecheka.

"Chui alikuwa anakuja hapa?" Uweso aliuliza. "Wakati huo?"

"Miaka yote, shemeji."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

Bertha aliacha kazi. Aliuweka mundu kwenye majani akaukalia mguu wake, akamtazama uso kwa uso, na Uweso akaona kwamba alikuwa akitafuta njia ya kulisema bila kumwumiza na hakuiona.

"Alikuambia. Mwaka ule wa nzige alikuambia, na mwaka Mwanasiti alipovunja ungo alikuambia tena. Alinisimulia mwenyewe. Ulimjibu kwamba huko Mkomazi mnalala na simba nje ya kambi, na kwamba chui wa Muheza ni paka aliyeshiba. Akaona hakuna haja ya kurudia."

Uweso alijaribu kukumbuka. Alisimama na fyekeo lake mkononi akaitafuta siku hiyo, uso wa Saleha, chakula kilichokuwa mkekani, maneno. Hakuipata. Angalau angeikumbuka angeweza kutubu jambo fulani. Lakini hapakuwa na kitu, pamefutika kabisa, kama maneno ya abiria dirishani treni ikipita.

"Sikumbuki," alisema.

"Najua," alisema Bertha, akachukua mundu.

Walipoondoka, jua likiwa limeinama, Uweso aliwaingiza kuku. Walimsumbua. Walikwisha zoea mti, naye hajui sauti ya kuwaitia. Aliosha sufuria. Alifunika jalala kwa majivu. Aliwaingiza mbuzi zizini, akapitisha komeo. Akafagia, akianzia mlangoni hadi mwisho wa palipofyekwa, mgongo unamwuma. Kisha akasimama katikati ya ua ule mpana, msafi, uliokuwa mweupe kama uwanja wa stesheni, na kilichobaki kilikuwa kuzungumza.

Alikohoa. Alisema, "Haya." Akajiona mpumbavu. Ng'ambo walikuwa wameanza kuimba. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi alisoma mchanga. Nyayo za duara zilitoka vichakani, zikaja moja kwa moja hadi zizini, zikalizunguka mara mbili, na mahali pamoja pakawa na alama ya mnyama aliyelala tumbo chini, ametulia, anangoja. Kwenye nguzo moja kulikuwa na mikwaruzo mipya. Zizi lilisimama. Lakini chui alikaa pale kwa raha yake, hakuogopeshwa na chochote.

Siku mbili hivyo. Siku ya tatu, jioni, baada ya kupitisha komeo, Uweso aliita.

"Mama Mwanasiti!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, sauti ya genge, ile ya kuwaonya watu treni inakuja. Kuku wakashtuka bandani. Alingoja, kana kwamba kweli ataitikiwa. Kisha akaendelea, kwa kuwa alikwisha anza na kuacha katikati kungekuwa vibaya zaidi.

"Mama Mwanasiti, nimefunga zizi! Methusela kajenga vizuri! Kuku wameingia, isipokuwa yule jogoo, ana kichwa kigumu, nimemshika miguu!"

Hakujua aseme nini tena. Miaka yote ile walipokutana walizungumza habari za ada ya mtoto, paa linalovuja, nani kafa, nani kaoa. Mambo ya siku mbili tatu. Akaona kwamba hana mazungumzo ya mume na mke akibani. Kwa hiyo alisema alichokuwa nacho. Alimsimulia Mkomazi.

"Siku ile daraja lilipochukuliwa na maji," alisema, akitembea kando ya ua na kandili mkononi, "tulikuwa watu kumi na wanne. Sikukuambia. Mmoja alikwenda na maji, Mpare mmoja, kijana mzuri, mimi ndiye niliyemtuma upande ule. Nilirudi hapa baada ya wiki, ukanipikia mchuzi wa nazi, ukaniuliza mbona nimekonda. Nikasema chakula cha kambini kibaya."

Alisema hadi giza likaingia na koo likakauka. Asubuhi nyayo zilikuwa zimefika mwisho wa palipofyekwa, zikasimama, zikarudi.

Tangu siku hiyo hakukosa. Alasiri kuku, kisha vyombo, kisha majivu, kisha ufagio, kisha mazungumzo. Mchana, akienda dukani au msikitini, hakuwa na maneno zaidi ya salamu. Maneno yote aliyahifadhi. Alimsimulia kambi za bati na baridi ya Same alfajiri, alimsimulia mwanamke wa Buiko aliyekuwa akimwuzia maziwa, na jinsi alivyotaka kumwoa akaacha. Hilo alilisema kwa sauti ndogo, ndipo akakumbuka kwamba lazima asikike, akalirudia kwa nguvu. Bertha ng'ambo bila shaka alisikia. Hakupata kumwuliza Uweso lolote.

Chui mwenyewe, Uweso alimwona kwa macho mara moja tu. Ilikuwa mara baada ya sala ya magharibi, bado kuna mwanga wa kutosha kuona mkono. Sauti ndiyo iliyotangulia, ile ya kukereza kama msumeno unaokata mbao kavu. Kisha akatokea pembezoni mwa pori, hatua arobaini, mdogo kuliko Uweso alivyomdhania, mrefu, mkia umeinuka ncha. Mbuzi zizini walikanyagana. Uweso alikuwa na ufagio mkononi.

"Mama Mwanasiti!" aliita, na safari hii hakuigiza. "Lete panga! Lete panga upesi, Saleha!"

Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watu maisha yake yote. Akashika debe tupu lililokuwa karibu na mlango, akalipiga kwa kipini cha ufagio, akaita tena na tena, lete panga, Saleha, njoo, njoo, huku akisonga mbele badala ya kurudi nyuma. Chui alimtazama. Kisha akageuka, akajitia majanini, na majani hayakutikisika nyuma yake. Uweso aliendelea kupiga debe hadi Methusela akafika mbio na wanawe wawili na mienge. Wakamkuta analia na kupiga, wakalichukua debe mikononi mwake.

Ernesti alipopita, kama alivyoahidi, alizunguka ua, akachuchumaa, akasoma mchanga. Alisema ngawa anapita mbali sasa, kando ya kijito, na fisi hajaonekana. Nyayo za chui, pembezoni mwa pori, zilikuwa za zamani, mvua imezigusa. "Amekuacha, mzee," alisema. "Umefanya kazi." Uweso akamshukuru, akampa machungwa ya njiani. Alitaka kumwomba akae kidogo, wanywe kahawa, ila kijana alikuwa na safari ya Maramba, huko nako simba kala ng'ombe.

Masika yakaja. Ramadhani ikaingia, Uweso akafuturu peke yake, tende na uji, akizungumza ua mzima ukisikia. Chui hakurudi. Zizini akazaliwa mbuzi mwingine.

Mwanasiti alikuja baada ya Idi. Basi lilichelewa, akafika jioni, mzigo kichwani, na kabla hajaona nyumba akasikia sauti ya baba yake. Alikuwa akimweleza mtu kuhusu stesheni ya Hedaru, kwa furaha kabisa, anacheka. Mwanasiti akasimama njiani. Moja kwa moja akadhani baba ameoa. Hata mwaka haujatimia. Akatengeneza kanga yake, akaweka uso wa adabu ili amwamkie huyo mama mpya, akapiga hodi.

Baba yake alikuwa peke yake, ufagio mkononi.

Usiku huo hawakulizungumza. Walizungumza kesho yake, wakichambua mchele barazani.

"Baba, mama alikuwa akifanya hivyo," Mwanasiti alisema. "Nilikuwa namsaidia. Mimi ndiye niliyekuwa wewe. Akiniita 'Baba Mwanasiti', naitikia 'Naam!' kwa sauti nene, toka ndani ya pipa la maji, ili iwe nzito." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Nilikuwa na miaka sita. Chui alikwangua mlango huu. Huu hapa. Tukalala chini ya kitanda mpaka asubuhi, mama kanikumbatia, huku anakuita wewe na mimi naitikia."

Uweso aliuangalia mlango. Palikuwa na mistari chini yake, imepakwa rangi juu.

"Nilidhani ni mbwa," alisema.

"Njoo ukae kwetu Nguvumali, baba. Chumba kipo. Watu wapo. Huwezi kuishi hivi."

Uweso aliendelea kuchambua mchele. Alimwambia mbuzi wana watoto. Alimwambia michungwa inakaribia kuchumwa. Mwanasiti akamwambia michungwa ina Methusela, na mbuzi wanapanda basi kila siku. Naye akasema atafikiri, baada ya mavuno, Inshallah, na wote wawili wakajua kwamba hatakwenda.

"Mama hakuwa na kinyongo nawe," Mwanasiti alisema mwishoni. "Alikuwa akicheka. Alisema hata ukiwa hupo unafanya kazi."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

Siku ya nne alimsindikiza stesheni ya mabasi Muheza. Alimbebea kikapu cha machungwa na kitoto cha mbuzi kilichofungwa miguu, zawadi ya wajukuu. Mwanasiti alimbusu mkono, akapanda, na basi likaondoka na vumbi lake. Uweso alinunua chumvi na mafuta ya taa, akarudi kwa miguu. Alipofika jua lilikuwa bado juu, ila aliwaingiza kuku mapema, akiwa na uchovu. Mmoja hakuwepo, tetea wa kijivu. Alimtafuta chini ya mlimau, nyuma ya choo, kando ya jalala, akiita kwa ile sauti aliyojifunza. Alimkuta nyuma ya jiko, kwenye kona kati ya ukuta na rundo la kuni, ameatamia mayai, amejikunja, hataki kuguswa. Alijaribu kumwinua, kuku akamdona.

Akamwacha. Alileta tenga kubwa la kubebea machungwa, akamfunika nalo taratibu, akaliwekea mawe mawili mazito juu na moja kila upande, akatikisa kuona kama linasogea. Halikusogea. Kisha akaenda kuosha sufuria.